Barua imesema "terminated" au "dismissed"? Tazama vizuri kabla ya kutia sahihi

Barua za kuachisha kazi hapa Uganda huandikwa kwa Kiingereza, hata kwenye viwanda ambako watu hushinda wakisemezana Kiswahili, Kiluganda au Kilugbara. Wengi wanaokuja kwetu kuomba ushauri huwa wameshatia sahihi, na ukiwauliza barua ilisemaje, hujibu: "Nimefukuzwa." Mara nyingi barua haikusema hivyo.

Sheria ya Ajira ya mwaka 2006 inayatenga maneno hayo mawili. "Dismissal" ni kufukuzwa kwa kosa, tena kosa linaloweza kuthibitishwa. "Termination" ni kuachishwa kwa sababu nyingine ya haki, kama vile mkataba kwisha au umri wa kustaafu kufika. Aliyeandikiwa "terminated" hajaitwa mwizi wala mvivu. Notisi yake hupimwa kwa muda aliotumikia: wiki 2 kwa aliyepita miezi 6 bila kufikisha mwaka, mwezi 1 kwa mwaka hadi chini ya miaka 5, miezi 2 hadi chini ya miaka 10, na miezi 3 kuanzia hapo. Ukiona "payment in lieu of notice", unaondoka leo lakini unalipwa fedha za muda huo.

Kali kuliko zote ni "summary dismissal": kutimuliwa bila notisi, au kwa notisi pungufu, kwa kuvunja vibaya wajibu wa msingi wa mkataba. Hata hivyo, mwajiri anayetaka kumfukuza mtu kwa kosa au kwa utendaji mbovu lazima kwanza amweleze sababu kwa lugha anayoielewa na amsikilize, naye mfanyakazi ana haki ya kuja na mtu aliyemchagua mwenyewe. Notisi pia inatakiwa iwe ya maandishi, kwa lugha inayoeleweka kwa anayepewa. Kwa maoni yangu, hakuna sharti linalopuuzwa kama hili, na wafanyakazi nao huchangia kwa kuona haya kusema hawakuelewa.

"Suspended" imewaponza wengi. Ni kusimamishwa tu uchunguzi ukiendelea, kwa nusu mshahara, muda usiozidi wiki 4. Anayedhani amefukuzwa akafunga virago kwenda kijijini, asirudi siku aliyoitwa, anampa mwajiri kosa ambalo hakuwa nalo.

"Laid off" na "redundant" ni kupunguzwa kazini kwa sababu ya hali ya biashara. "Relieved of your duties" ni ya kuulizia papo hapo: huenda umevuliwa cheo tu na ajira ingalipo. "Fired" na "sacked" waachie magazeti. Kuna na "they chased me", tuliyoizaa wenyewe Uganda kutokana na "okugoba" ya Kiluganda, yaani kufukuza; ukiiandika katika barua ya kuomba kazi, msomaji wa ng'ambo atadhani ulikimbizwa na mbwa.

Unapokabidhiwa barua, andika "received" na tarehe kando ya sahihi yako, kuonyesha umeipokea tu. Usiandike "accepted", yaani umekubali yaliyomo. Omba na cheti cha utumishi. Ukikiomba, mwajiri anawajibika kukupa. Mwenye malalamiko ya kufukuzwa isivyo haki ana miezi 3 tangu siku ya kufukuzwa kuyafikisha kwa afisa wa kazi wa wilaya, na aende na barua yenyewe pamoja na mkataba.