Kabla hujanyanyua gari, inama uangalie difu

Hapa Tanga mtu hakuelezi shida yake kabla hajauliza habari za watoto, za kazi na za mvua. Kijana huyu alizikata zote. Aliegesha Prado 95 mbele ya gereji, akashuka na simu mkononi, akasema, "Shikamoo fundi. Nataka linyanyuliwe inchi nne, na matairi ya inchi thelathini na tatu." Kwenye simu kulikuwa na picha ya gari kama lake limepanda juu ya mwamba, mahali ambapo si Tanga wala jirani ya Tanga.

"Marahaba, mwanangu. Linafanya kazi gani gari lako?"

Kumbe kazi yake ni iliki na pilipili manga. Ananunua vijijini huko Amani, anashusha Muheza, kilo mia tatu hivi nyuma ya gari kila safari. Masika yakianza, difu ya nyuma, lile bonge la gia lililo katikati ya ekseli, inalima katikati ya njia mpaka gari linakalia tumbo na matairi yanazunguka bure. Basi nikamwambia njoo tuiname wote. Ninayoyaandika ni yale niliyomweleza tukiwa chini ya gari, maana watu wa inchi nne siwakosi kila mwezi.

Nyuma ya Prado, kama ilivyo kwa Hilux na Mkonge, yaani Land Cruiser ya kazi, difu imo ndani ya ekseli moja ngumu inayotoka tairi hadi tairi. Ekseli imekalia matairi, bodi imekalia springi. Ukiweka springi ndefu, bodi inapanda, chesisi inapanda, bampa inapanda, hata abiria wanapanda. Difu haipandi hata unywele. Kinachoipandisha difu ya namna hiyo ni tairi peke yake, tena kwa nusu tu ya kipenyo ulichoongeza, kwa sababu nusu nyingine inakwenda juu ya ekseli.

Kijana alinyamaza kidogo. Alikuwa anataka kulipia inchi nne za kitu kisichogusa shida yake.

Hesabu ya tairi haihitaji mtaalamu. Tairi lililoandikwa 265/70R16 lina upana wa milimita 265, ubavu wake ni asilimia 70 ya upana huo, na linakaa kwenye rimu ya inchi 16. Ubavu ni milimita 185.5, zidisha mara mbili kwa kuwa kuna wa juu na wa chini, ongeza rimu ambayo ni milimita 406, unapata kipenyo cha 777. Hilo ndilo lililokuwa kwenye gari lake. Sasa 265/75R16 ni milimita 804, na 285/75R16, ambalo ndilo watu wanaliita thelathini na tatu, ni 834. Kwa hiyo thelathini na tatu lingempa milimita 28 chini ya difu, na lile la 804 lingempa 13. Kidogo? Kidogo kweli. Lakini kwenye njia yenye mitaro ya magurudumu, milimita 13 ni tofauti ya kukwaruza na kupita, na bei yake kwa gari zima ni ndogo sana kuliko ile ya 28.

Nasema kwa gari zima kwa sababu tairi kubwa halitozi pesa dukani tu. Kutoka 777 hadi 834 ni ongezeko la asilimia 7. Mshale ukisema 100, wewe unakwenda 107, na kwenye njia ya Segera wenye tochi hawatasikiliza habari za kipenyo. Difu yenye uwiano wa 4.1, yaani shafti inazunguka mara 4.1 tairi likizunguka moja, inakuwa kama ya 3.8: gari linachelewa kuondoka, gia ya tano inakuwa pambo, klachi inaungua ukiwa na mzigo mlimani. Breki nazo, kwa nguvu ileile ya mguu, zinashika pungufu kwa kiasi hichohicho, maana kutoka katikati ya tairi hadi chini kumerefuka na diski ni ileile. Injini ya dizeli ya lita 3 ya Prado ile inastahimili asilimia 3 na nusu za lile la 804 bila kulalamika. Kwa asilimia 7 pamoja na iliki kilo mia tatu kuelekea Amani, utaangalia geji ya joto kuliko barabara.

Kuna tairi ambalo watu wengi hawalioni kwa sababu halina sura ya kujionyesha: 235/85R16. Piga hesabu yake, utapata milimita 806. Urefu ni uleule wa 265/75, tofauti ni milimita 2, lakini ni jembamba kwa milimita 30. Halisugui chesisi ukikata usukani mpaka mwisho, halisumbui madigadi, na linakaa vizuri kwenye rimu ya inchi 7. Udongo mwekundu wa Amani ukinyeshewa unakuwa sabuni kwa juu, ila chini yake mara nyingi kuna ugumu. Tairi jembamba linaikata sabuni hiyo na kuufikia ugumu. Pana linaelea juu yake kama ndala kwenye sakafu ya bafu. Mchangani, njia za Ushongo kwa mfano, pana lina haki yake, lakini hata jembamba ukilitoa upepo hadi PSI 18 linajitandaza likapita, ilimradi usizidishe mwendo na ujaze tena kabla ya lami. Kwenye ule udongo mweusi wa kuelekea Saadani sina tairi la kukuuzia. Ukilowa unaganda kwenye meno yote mpaka tairi linakuwa duara la ugali. Dawa yake ni kusubiri jua.

Meno, basi. Matairi ya matope, yale ya MT, yana meno makubwa yaliyoachana, yanatema udongo yakizunguka kwa kasi. Kwenye lami yanavuma, yanalika haraka, na mvua ikinyesha yanashika vibaya kuliko unavyodhani. Kijana wa iliki yuko kwenye lami zaidi ya nusu ya maisha yake. Nilimshauri AT, yaani ya njia zote, yenye ubavu mgumu.

Ubavu huo una jambo lake. Tairi la aina ya LT, lililojengwa kwa mzigo, linataka upepo mwingi zaidi ili libebe uzito uleule uliokuwa ukibebwa na tairi la kawaida. Mtu anatoka kwenye tairi la kawaida, anaweka LT, halafu anaendelea na PSI zake za zamani kwa sababu ndizo zilizobandikwa kwenye mlango. Kwa mzigo, tairi hilo liko chini ya upepo ingawa kwa macho limesimama. Linajikunja, linapata joto, na siku ya safari ndefu linapasuka. Soma pia namba ya uwezo ubavuni: 112 ni kilo 1,120 kwa tairi moja, 120 ni kilo 1,400.

Na kama unanunua mtumba, ambao Tanga haukosi, tafuta tarakimu nne za umri: 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Meno marefu si dalili ya ujana. Nimeshaona tairi lenye meno kama jipya, ubavu umepasuka nyufa kama udongo wa kiangazi.

Sasa springi. Kabla hujanunua ndefu, pima zako zimeshuka kiasi gani. Usipime kutoka chini, maana hapo tairi na upepo vinakudanganya. Pima kutoka katikati ya rimu hadi ukingo wa madigadi, pembe zote nne. Prado ile ina miaka zaidi ya ishirini. Nyuma ilikuwa imelala milimita 35 ukilinganisha na nyingine ninayoijua yenye springi nzima. Maana yake springi mpya za urefu wa kawaida tu zingeinyanyua karibu inchi moja na nusu. Watu wengi wanaotaka kunyanyua gari wanachotafuta ni kulirudisha lilipokuwa.

Jambo la pili ni mzigo. Chukua springi ambayo kila milimita ya kubonyea inataka kilo 3. Weka kilo 300 nyuma, kila upande 150, gari linashuka milimita 50. Inchi mbili zote ulizonunua zimekwenda na magunia, na zimekwenda siku ileile unayozihitaji. Ndiyo sababu swali langu la kwanza huwa kazi ya gari. Springi ngumu ya mzigo kwenye gari tupu nayo ni adhabu: kila shimo linakupiga mgongoni na tairi linaruka badala ya kushika. Chagua springi kwa uzito unaobeba siku nyingi, usichague kwa uzito wa siku moja ya mwaka, wala kwa picha. Shokapu lazima ziendane nazo, kwa urefu na kwa ukali, la sivyo springi mpya inacheza ngoma peke yake.

Mbele ndiko kwenye kesi. Prado haina ekseli ngumu mbele; difu imefungwa kwenye chesisi na draifu shafti mbili zinateremka kwenda matairini. Ukipandisha bodi, difu inapanda kweli, lakini shafti zinainama zaidi. Hadi milimita 50 mambo hayaharibiki sana. Ukivuka hapo mipira ya shafti inachanika, jointi zinalia, mikono ya juu inaishiwa nafasi na alaimenti haipatikani tena bila kubadili mikono yenyewe. Inchi nne kwa mfumo huu ni kulijenga gari upya.

Nilijifunza hilo kwa gharama yangu. Zamani nilikuwa na Hilux ya tosheni baa, zile fimbo zinazojisokota badala ya koili. Ukikaza boliti zake mbele inapanda, bure, dakika kumi. Nikakaza mpaka gari likaonekana kama jogoo. Nilichokuwa sijafahamu ni kwamba fimbo haikupata nguvu mpya; nilikuwa nimekula nafasi ya tairi kushuka. Gari linapopita kwenye shimo tairi linatakiwa lishuke kulifuata, na langu lilikuwa limeshafika mwisho wa safari yake. Likawa linagonga kila tuta, boljointi zikafa kabla ya mwaka, na nilikuwa nawaambia wateja kwamba ugumu ule ndio uimara. Waliokuwa wateja wangu wakati huo mnisamehe.

Wenye Mkonge za koili mbele, Land Cruiser 105 na Patrol, msicheke. Nyinyi ekseli yenu ni ngumu, lakini imeshikwa na mikono miwili mirefu, na bodi ikipanda mikono hiyo inaizungusha ekseli kidogo. Kasta, yaani ule mwinamo wa kuelekea nyuma wa egemeo la tairi la mbele, inapungua, na usukani unakuwa hauna nyumbani: haurudi wenyewe baada ya kona, gari linatangatanga kwenye lami. Kuna bushi, zile raba za kwenye maungio, maalumu za kurudisha kasta. Zinunuliwe pamoja na springi, zisisubiri malalamiko. Angalieni na mipira ya breki kama inatosha ekseli ikining'inia, na ile fimbo ya kuzuia ekseli isiende pembeni, maana gari likipanda inaivuta ekseli upande mmoja.

Halafu kuna kupinduka. Tuseme matairi yameachana milimita 1,500 na kitovu cha uzito kiko juu kwa 750. Kwa hesabu tupu, gari linalala likifika nyuzi 45. Pandisha kitovu hicho milimita 75, ambazo ni kama inchi mbili za springi na thelathini na tatu la kijana wetu, unashuka hadi nyuzi 42. Barabarani ni mbaya zaidi, kwa sababu springi zinalalia upande na watu hufunga keria juu na kuipakia. Anayepanda kutoka Mombo kupitia Soni kwenda Lushoto anajua kona zile zilivyo, na anajua hazina huruma kwa gari lenye mzigo kichwani.

Kuhusu ufungaji nitasema mawili. Chumvi ya bahari yetu inakula boliti, kwa hiyo zipakwe grisi kabla ya kuingia. Na boliti za bushi zisikazwe gari likiwa juu ya jeki. Zishikizwe tu, gari lishushwe likae kwa uzito wake, ndipo zikazwe. Ukikaza likiwa linaning'inia, raba inajisokota siku zote gari likiwa chini, na baada ya miezi michache unarudi kununua bushi nyingine. Ukiona fundi wako anakaza zote juu halafu anakabidhi funguo, mwambie ashushe alegeze aanze tena. Atanuna, lakini atafanya.

Kijana aliondoka na springi za nyuma za mzigo wa kudumu zilizoongeza milimita 40 akiwa na magunia yake, mbele milimita 30, shokapu nne, na 235/85R16 tano. Tano, kwa sababu Prado hii inavuta kwa matairi yote wakati wote, na tairi la akiba likiwa dogo difu ya kati, inayogawa nguvu mbele na nyuma, itafanya kazi bila kupumzika mpaka ufike nyumbani. Tulilipima la akiba mahali pake kabla ya kulipia. Likaingia kwa shida, ila liliingia.

Wiki tatu baadaye alipita na mfuko wa iliki. Safari hii aliuliza habari za watoto, za kazi na za mvua, moja baada ya nyingine. Kisha akasema difu bado inakwaruza sehemu moja, pale karibu na daraja la mbao, na akaniuliza kama inchi moja zaidi ya springi itasaidia.

Nikachukua karatasi ya kulalia, nikamwambia ainame.