Kukarabati mikve: usikimbilie bomba

Fundi akiitwa kutengeneza birika bovu, atalikausha, azibe nyufa, apige lipu, kisha afungulie bomba. Kwa mikve ya Wayahudi, hatua hiyo ya mwisho inaharibu kazi yote. Mimi hushughulikia uvujaji kwenye majengo ya zamani, na sasa nasaidia jumuiya ndogo ya Wayahudi kusini mwa Ujerumani kufufua mikve yao.

Mikve ni birika la kuzamia mwili mzima. Mwanamke huzama humo hedhi ikishapita, kabla ya kumrudia mumewe. Anayeingia dini naye huzama. Isipokuwepo, wanawake husafiri hadi mji mwingine, tena usiku, maana josho lao ni baada ya jua kutua. Hata kuuza sinagogi ili ijengwe kunaruhusiwa. Naona wana haki.

Msingi wake ni Walawi 11:36: chemchemi, au birika lenye kusanyiko la maji. Kwa birika, maji ya mvua yateremke kutoka paani yenyewe, bila ndoo, tangi wala pampu, na mfereji wa paa usiwe na sehemu iliyobonyea inayotuamisha maji. Kipimo ni sea 40 (sea na logi ni vipimo vya kale vya ujazo vya Kiyahudi). Rabi mmoja atakuhesabia lita 330 hivi, mwingine zaidi ya 570. Wajenzi huenda hadi karibu 1,000 kuondoa shaka. Kabla kipimo hakijatimia, logi tatu tu za maji ya kuchotwa, yakiwemo ya bomba, kama lita moja, zinalibatilisha. Kikishatimia, ongeza ya bomba utakavyo.

Ndiyo maana tunajenga vyumba viwili: shimo la mvua lililofunikwa, na pembeni birika la kuogea lenye maji ya bomba yaliyopashwa moto. Ukutani kati yao pana tundu la kuweza kuzungusha vidole viwili, kama sentimita 5. Maji yakigusana hapo, ya bomba yanapata hukumu ya mvua.

Ufa ni balaa kuliko watu wanavyodhani. Maji ya mvua yanayotiririka si kusanyiko tena, kwa hiyo uvujaji unaweza kulibatilisha birika hata likiwa limejaa. Hapa sikisii. Nalijaza maji ya majaribio, natia alama ya penseli ukutani, na kando naweka ndoo iliyojaa maji. Ndoo hupungua kwa mvuke peke yake. Birika likipungua zaidi, linavuja. Mara nyingi ni pale sakafu inapokutana na ukuta. Natindua hadi kwenye tofali, najaza saruji isiyopitisha maji, na kona naiviringa. Kisha maji ya majaribio yote yanatoka, na sakafu inafutwa kwa tambara hadi ikauke kabisa.

Wajenzi wa kale wa nchi hii hawakuisubiri mvua: mjini Speyer, karne ya 12, walichimba mita kama 10 hadi maji ya ardhini, na mjini Friedberg, mwaka 1260, mita 25. Sisi hatuna nafasi ya kuchimba. Rabi atakagua mfereji kabla haujaunganishwa na shimo. Mvua ikichelewa, theluji ya uani inafaa: ikiyeyukia humo shimoni haihesabiwi kuwa maji ya kuchotwa, hata ikibebwa kwa sepetu.