Roboti asiyeumia huungua kimyakimya

Ukigusa chuma cha moto, mkono huchomoka kabla hujatambua kuwa umeungua. Taarifa hupita kwenye neva nyembamba hadi uti wa mgongo, na amri ya kurudisha mkono hutoka hapohapo. Ubongo huarifiwa baadaye. Wanaounda ngozi bandia ya roboti wanaiga njia hiyo ya mkato.

Maumivu si mguso uliozidi tu. Kihisi cha mguso hupima muda wote, cha maumivu hunyamaza mpaka kizingiti kivukwe, ambacho kwa joto la ngozi ya binadamu ni takriban nyuzi 43 za Selsiasi. Tena, palipojeruhiwa kizingiti hushuka, hata kupapaswa kunauma.

Tabia hizo zote mbili zinapatikana kwenye memrista, kifaa ambacho Leon Chua alikieleza kinadharia mwaka 1971: ukinzani wake hutegemea umeme uliokwisha kupita ndani yake. Katika aina moja, chembe za fedha zilizomo kwenye oksidi ya silikoni hujipanga kuwa uzi volteji ikivuka kiwango, kisha hutawanyika umeme ukiondoka. Ukiichokoza tena kabla hazijatawanyika, uzi hujijenga upesi zaidi. Hicho ndicho kidonda chake.

Bila memrista, kizingiti chenyewe kinaweza kuundwa kwa vifaa vya kawaida. Chukua themista, yaani rezista ambayo ukinzani wake hushuka joto likipanda, ya kiloomu 10 kwa nyuzi 25 (beta 3950, kipimo cha jinsi ukinzani unavyobadilika na joto), iunganishe na rezista ya kawaida ya kiloomu 10 inayotoka kwenye volti 3.3, na mguu wa pili wa themista uende ardhini. Kwa nyuzi 25 utapima volti 1.65 katikati, kwa nyuzi 45, kama volti 1.0. Komparita, kifaa kinacholinganisha volteji na kiwango kilichowekwa, iwake hapo, na izime volteji ikipanda hadi 1.15, yaani karibu nyuzi 40. Ukiweka kiwango kimoja cha kuwaka na kuzima, kelele za umeme zitaufanya mkono utetemeke.

Ishara ipelekwe kwenye kidhibiti kilichopo kifundoni, isisubiri kompyuta kuu. Na kukata umeme wa mota hakutoshi: vidole vilivyokamata bomba la moto vitabaki vimelikamata. Amri iwe kufungua. Themista nayo isizikwe chini ya mpira mnene, maana mpira hupitisha joto polepole na onyo litachelewa.

Hitilafu mbaya kuliko zote ni ganzi. Waya wa themista ukikatika, volteji hupanda hadi 3.3 na saketi husoma baridi kali; roboti huendelea kushika moto kwa utulivu, kama mgonjwa wa kisukari aliyepoteza hisia za nyayo anavyokanyaga msumari asijue. Ongeza komparita ya pili kwenye volti 3.2, kiwango ambacho joto la kawaida la kazini haliwezi kukifikia, nayo ihesabiwe kuwa ni jeraha. Kabla ya kazi, chomoa waya wa kila kidole kwa zamu. Mkono usipofunguka, kidole hicho kina ganzi.