Moto wa pili kwa chuma cha springi

Bamba la springi la lori lililochoka kwa barabara za Nzega, Urambo au Kasulu halitupwi. Hupelekwa kwa mhunzi, likatoka likiwa panga, shoka au patasi. Bamba hilohilo likikatwa vipande viwili, linaweza kutoa shoka moja linalomeguka makali siku ya kwanza na jingine linalopinda kama nondo. Chuma ni kilekile. Kilichotofautiana ni moto, hasa ule wa pili, yaani kukipasha upya baada ya kukizimisha, ambao mafundi wengi huuruka.

Chuma cha springi kina kaboni karibu asilimia 0.6, pamoja na manganizi na kromiamu, kila kimoja chini ya asilimia 1. Kikipoa polepole, kaboni hujipanga ndani yake kwa matabaka membamba: chuma laini, kabidi ngumu (mchanganyiko wa chuma na kaboni), chuma laini tena, kama kurasa za kitabu. Mpangilio huo huitwa perlaiti, na tupa huukata bila taabu. Ukikipasha kupita nyuzi joto 730 hivi za Selsiasi, matabaka huanza kuvunjika na kaboni ikasambaa ndani ya chuma kama chumvi ndani ya maji, ingawa chuma chenyewe hakijayeyuka. Hali hiyo ni austenaiti, na sumaku haiishiki.

Kuanzia hapo kasi ya kupoa ndiyo huamua. Kifukie kwenye majivu, perlaiti itarudi. Kizimishe, yaani kitumbukize kwenye oili au maji kipoe ghafla, kaboni hukosa muda wa kutoka, hunaswa na kuzipindisha fuwele za chuma. Hiyo ni martensaiti. Tupa huteleza juu yake bila kung'ata. Lakini chuma huvutika kwa sababu safu za atomu zake huteleza moja juu ya nyingine. Zikibanwa namna hii haziwezi kuteleza, na kikipigwa hupasuka.

Moto wa pili huiachia kaboni itoke kidogo kidogo kwa umbo la chembe ndogo mno za kabidi. Daraja la springi linaloitwa 5160, likizimishwa kwenye oili kisha likarudishiwa moto wa nyuzi 205, huhimili kuvutwa kwa nguvu ya megapaskali (kipimo cha kani kwa eneo) 2,200 hivi, lakini hurefuka asilimia 4 tu kabla ya kukatika. Kwa nyuzi 540 nguvu hushuka hadi 1,165 na mrefuko hupanda hadi asilimia 12. Kwa nyuzi 650 nguvu ni karibu 900, mrefuko asilimia 20.

Kwenye jiko la mkaa, anza kwa kupasha polepole ukigusisha sumaku. Ikiacha kushika, endelea kidogo hadi wekundu uanze kuelekea rangi ya chungwa, yaani nyuzi 830 hadi 860. Fanya hivyo kivulini, kwa maana juani kila chuma huonekana baridi kuliko kilivyo. Zimisha kwenye oili iliyopashwa hadi nyuzi 50 au 60: ikiwa nyepesi huzunguka vizuri na kupoza haraka kuliko ikiwa baridi na nzito. Mawese yanafaa, na Kigoma hayakosekani. Ni bora kuliko oili chafu ya injini, ambayo moshi wake ni sumu kwa mapafu. Weka lita 8 hadi 10 kwa kila kilo ya chuma, kwenye chombo cha chuma chenye mfuniko. Oili ikiwaka, funika. Usimwage maji kamwe.

Kuzimisha kwenye maji ndiko huleta nyufa nyingi. Ngozi ya nje hugumu kwanza. Ndani kukigeuka martensaiti baadaye hutanuka, na ngozi isiyoweza kuvutika hupasuka.

Kisha, kabla kipande hakijalala hivyo usiku kucha, kisugue kwa msasa king'ae na ukipashe upya. Rangi zitakazotokea usoni mwake ndizo kipimo cha joto: manjano ya nyasi kavu ni karibu nyuzi 220, zambarau 280, bluu 300. Patasi ya mbao iishie kwenye manjano. Shoka lisiachwe kwenye bluu: kati ya nyuzi 260 na 370 hivi ugumu hupungua, lakini uwezo wa kustahimili kishindo nao unaweza kushuka. Pitisha hadi bluu igeuke kijivu.

Kipande kikivunjika, tazama uso wake. Kijivu laini ni dalili njema. Ukiona chembe zinazometa kama chumvi ya Uvinza, moto wa kwanza ulizidi na fuwele zilikua kubwa. Kama bado hakijazimishwa, zinaweza kurudishwa ndogo: pasha hadi nyuzi 850 hivi, acha kipoe hewani, rudia mara tatu.

Hayohayo ndiyo huvunja springi zilizochomelewa. Pembeni mwa weldi, chuma hupashwa hadi kuwa austenaiti, kisha bamba baridi linalokizunguka hukipoza ghafla. Hubaki ukanda mwembamba wa martensaiti usiopata moto wa pili, na ukiongeza haidrojeni kutoka kwenye fimbo za weldi zenye unyevu, ufa huanzia papo hapo. Ndiyo maana springi hukatika kando ya weldi, mara nyingi lori likiwa na mzigo. Bamba lililokatika libadilishwe. Wala tundu la bolti kwenye bamba jipya lisipanuliwe kwa moto wa gesi.