Je, wajua kwa nini kiumbe wa maabara hutoroka kila mara hadithini?

Ukisoma hadithi za kubuni za sayansi, hukosi kukutana naye: kiumbe aliyetengenezwa maabara kwa kubadilishwa jeni, mwenye namba badala ya jina, anayevunja mlango usiku na kukimbia. Wasomaji wengi hudhani anakimbia mateso. Mateso yamo, lakini sababu kubwa naiona kwingine. Kiumbe huyo ni mali, na mali ina mwenyewe.

Wazo hilo waandishi hawakulitunga wao. Mwaka 1980 Mahakama ya Juu ya Marekani iliamua, kwa kura 5 dhidi ya 4, kwamba bakteria aliyebadilishwa na mwanasayansi Ananda Chakrabarty ili avunjevunje mafuta ghafi anaweza kupewa hataza, yaani haki ya mvumbuzi kuwazuia wengine wasitengeneze wala kuuza alichovumbua. Mwaka 1988 Chuo Kikuu cha Harvard kikapata hataza ya panya aliyetiwa jeni inayomfanya apate saratani kwa urahisi, ili ugonjwa huo uchunguzwe.

Maneno ya hataza ile yanafaa kusomwa polepole. Ilimdai mnyama yeyote anyonyeshaye asiye binadamu ambaye seli zake zina jeni hiyo, iwe alitiwa yeye mwenyewe au mhenga wake, katika hatua ya kiinitete, yaani kiumbe kinapoanza tu kukua kabla ya kuzaliwa. Maana yake, kitoto cha panya kilichozaliwa vizazi kadhaa baadaye, ambacho hakijawahi kuguswa na sindano ya mtafiti, tayari kilikuwa ndani ya hataza. Kwa hiyo ninaposoma hadithi ambamo mama mtoro amejifungua porini na walinzi wanamsaka hadi mtoto, sioni kwamba mwandishi ametia chumvi. Kanada ilimkataa panya huyohuyo: mwaka 2002 Mahakama ya Juu ya huko ilisema mnyama wa aina hiyo hahesabiki kuwa uvumbuzi kwa mujibu wa sheria yao.

Je, wapo waliotoroka kweli? Wapo. Nchini Brazil, samaki wadogo wa mapambo waliotiwa jeni za kung'aa kwa rangi nyekundu na kijani waliponyoka kwenye mashamba ya samaki, na mwaka 2022 watafiti walieleza kwamba wanaishi na kuzaana vijitoni, wakila wadudu wa humo. Samaki akipata maji na chakula, yamemtosha. Kiumbe wa hadithini hatosheki na hayo. Anataka akubaliwe kuwa mtu.

Ndiyo maana waandishi humpa ulimi. Kiumbe wa Mary Shelley katika riwaya ya Frankenstein, iliyotoka mwaka 1818, hujifunza lugha kwa kujibanza kando ya nyumba ya familia moja, akiwasikiliza na kuwachungulia kupitia ufa. Anapokuja kukutana na aliyemuumba, anajieleza hoja kwa hoja na kudai anachostahili.

Wanyama wa kweli hawana ulimi huo, hivyo wamesemewa na mawakili, na majibu ya mahakama yamegongana. Mwaka 2014 mahakama ya rufaa katika jimbo la New York ilikataa kumtambua sokwe Tommy kuwa mwenye haki ya uhuru, kwa hoja kwamba haki huandamana na wajibu, na sokwe hawezi kubeba wajibu. Hoja hiyo ni dhaifu: mtoto mchanga naye habebi wajibu wowote, wala hakuna anayethubutu kumwita mali. Mwaka 2016 jaji wa Mendoza, Argentina, aliamua kwamba sokwe Cecilia si kitu bali ana haki zake, na mwaka uliofuata Cecilia akahamishiwa hifadhi nchini Brazil.

Sasa mchanganye binadamu na mnyama. Mwaka 1997 mwanabiolojia Stuart Newman aliomba hataza ya kiumbe mwenye seli za pande zote mbili. Hakukusudia kumtengeneza, alitaka wenye mamlaka walazimike kusema mpaka uko wapi. Ofisi ya hataza ya Marekani ilimkatalia, na shauri lilipofikia mwisho mwaka 2005, sababu mojawapo ilikuwa kwamba kiumbe huyo angekaribia mno kuwa binadamu. Mwaka 2011 Bunge la nchi hiyo likaweka katika sheria kwamba hataza haitatolewa kwa kiumbe binadamu.

Miaka kumi baadaye, mwaka 2021, watafiti walitangaza kwamba wamekuza maabara viinitete vya kima vyenye seli za binadamu, na vichache vilifika siku ya 19. Havikupandikizwa katika tumbo la uzazi lolote. Sheria ile ya 2011 haisemi ni seli ngapi za binadamu zinazotosha kumwondoa kiumbe kwenye orodha ya mali.