Je, wajua kwa nini ukungu wa tindikali hudhuru koo zaidi ya mapafu?

Wengi huamini kwamba saratani ya koo ni ugonjwa wa wavuta sigara na wanywaji pombe peke yao, na kwamba anayefanya kazi na tindikali ya betri hana la kuogopa ila kurukiwa nayo. Ni kweli kwamba sigara na pombe ndivyo visababishi vikuu, hasa vikitumiwa pamoja, lakini kazi nayo ina sehemu yake. Mwaka 1992 Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani liliuweka ukungu wa tindikali kali, ikiwemo ya salfa ambayo ndiyo hutumika kwenye betri, katika kundi la kwanza la visababishi vya saratani kwa binadamu. Ushahidi ulio imara ni wa zoloto, penye nyuzi za sauti, ilhali ule wa mapafu ni hafifu zaidi. Asbesto pia husababisha saratani ya zoloto. Ikumbukwe kwamba kinacholaumiwa ni ukungu, si tindikali iliyotulia chupani.

Betri ya gari inapokaribia kujaa chaji, umeme huanza kuyatenganisha maji kuwa haidrojeni na oksijeni. Viputo vya gesi hizo hupanda, hupasuka juu na kurusha matone madogo mno ya tindikali, ambayo mfanyakazi huyavuta kwa pumzi.

Hewa hiyo hulazimika kupinda nyuma ya koo, kisha kupenya mwanya mwembamba kati ya nyuzi za sauti. Hapo tone kubwa huwa kama lori lililosheheni mizigo linaloingia kona kali kwa kasi: bajaji hupinda, lori huparamia ukingo. Tena tindikali hufyonza unyevu, kwa hiyo matone huzidi kunenepa yakiwa njiani. Yale madogo sana, ambayo yangeweza kufika mapafuni, hupunguzwa makali na gesi ya amonia ya kinywani. Makubwa hutua yakiwa bado makali, yakauunguza utando uleule siku baada ya siku, na huenda uasidi wenyewe ukaharibu DNA ya seli.

Ushahidi huu umetoka viwandani, hasa kwa wasafishaji wa vyuma kwa tindikali, hivyo haumhusu moja kwa moja fundi anayechaji betri mbili tatu barazani. Katika viwanda vya betri ukungu huohuo hula hata meno ya mbele ya wafanyakazi. Kwa mtu wa kazi hizi, sauti iliyokwaruza zaidi ya wiki tatu inahitaji daktari wa masikio, pua na koo, naye aelezwe kazi ya mgonjwa hata asipoiuliza.