Wastani wa foleni hauwahishi mzigo

"Kibaha hadi Ubungo, kuingia Dar es Salaam, kwa wastani ni saa moja, tuandike saa moja." Wenye malori wananiambia hivi kila tunapokaa kupanga ratiba, na kila mara inawagharimu hela.

Chukua njia mbili. Ya kwanza inakula dakika 60 kila siku. Ya pili inakula 40 kwa siku nne, siku ya tano lori linakufa katikati ya barabara, zinakuwa 140. Wastani ni uleule, 60. Lakini mwenye miadi ya kushusha saa 2:00 asubuhi, akipita njia ya kwanza, anatoka saa 1:00. Akipita ya pili na hataki kuchelewa hata siku moja, lazima atoke saa 11:40 alfajiri. Siku nne kati ya tano atasubiri getini dakika 100, dereva amelalia usukani, kuli hata mmoja hajafika. Muda huo hauhesabiwi kama foleni kwa kuwa gari limeegeshwa, ila umeletwa na foleni. Asipowahi kutoka, hasara inawahamia wengine: kuli wanakaa bure, samaki wanalainika, mteja anatafuta msafirishaji mwingine.

Andika muda wa kila safari mwezi mzima, kisha panga kwa ile safari mbaya moja katika 20. Wastani uuache kwa mchanga na matofali, mizigo isiyoharibika ikichelewa.

Yapo na mengine ninayoambiwa. "Barabara ikipanuliwa foleni zitaisha." Kimara–Kibaha imepanuliwa hadi njia nane, na imesaidia sana siku za kawaida. Siku mbaya ni habari nyingine. Vipimo vya barabara kuu za Marekani vinaonyesha kuwa upande wenye njia tatu, moja ikizibwa, unabaki na takriban nusu ya uwezo wake, si theluthi mbili, maana hata walio kwenye njia zilizo wazi wanapunguza mwendo na kuchungulia.

"Foleni haimfaidii mtu." Muuza maji na korosho anapata riziki. Tena foleni inayojulikana saa zake huwasukuma wasio na haraka wasafiri saa nyingine, na hiyo ni faida kwa wote. Ya kushtukiza haimfundishi mtu kuikwepa.

"Mwendokasi ni kasi." Faida ya mabasi haya ya Dar es Salaam tangu 2016 ni njia yake peke yake. Kila gari binafsi na bodaboda inayojipenyeza humo inawaibia abiria uhakika wa kufika.

"Gari bovu likiondolewa, foleni imekwisha." Iliyokwisha kujikusanya inabaki kumalizika polepole. Ukitumia muda mara mbili zaidi kuliondoa, jumla ya muda wanaopoteza watu inakaribia mara nne. Ndiyo maana nasema brekidauni, gari la kuvuta mabovu, ikae Kimara na Mbezi saa za asubuhi, injini ikiwa tayari, badala ya kuitwa kutoka mjini huku barabara imeshafunga.